Sura ya Nne: Baada ya Salamu

Mtu anayeanza kupoteza usikivu huku kwetu ana kichaka kizuri cha kujifichia, nacho ni salamu. Mswahili hasalimu kwa neno moja. Utaulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za siku nyingi, na kwa kila swali jibu liko tayari mdomoni: njema, salama, hawajambo, tunamshukuru Mungu. Huhitaji kusikia. Ukiona midomo inacheza, jibu "nzuri," na hata ukiwahi, ukawajibia watoto kabla hujaulizwa, hakuna atakayegundua, maana mwenzio naye hasikilizi sana. Wazee wawili wenye masikio mazito wanaweza kusimama barabara ya Msimbazi wakasalimiana kwa ufasaha wote, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anasikia vizuri.

Shida huanza salamu zikiisha. Mwenzio anasogea karibu na sauti inashuka, kwa sababu sasa yanakuja ya maana: nani amelazwa, shamba lipi linauzwa, kikao ni saa ngapi. Hapo ndipo masikio yanapokukimbia. Unachofanya, na kila mtu wa hali hii hukifanya bila kufundishwa, ni kuendelea kana kwamba salamu hazijaisha. "Eeh." "Kweli kabisa." "Ndiyo dunia." Unacheka wenzio wanapocheka, ukichelewa kidogo. Unasikitika ukiona nyuso zimekunjamana. Mzee mmoja wa Tanga alinisimulia alivyompa mtu hongera kwa sauti kubwa, kumbe alikuwa anapewa habari za msiba. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba baada ya siku ile watu walianza kumzungumzia kama mtu aliyepungukiwa akili. Kumwambia mtu kwamba hasikii ni aibu; kumwambia kwamba amezeeka, watu hawaoni shida.

Wapo wanaoigiza hivyo miaka mingi. Mimi nilikuwa mwalimu, na darasani uigizaji ni rahisi zaidi, kwa kuwa mwalimu ndiye anayesema. Mwanafunzi akijibu, unamgeukia mwingine: "Wewe unasemaje kuhusu jibu la mwenzako?" Darasa zima linakuona una mbinu za kisasa za kufundisha.

Katika sura iliyopita tuliangalia vipimo na maana ya ile michoro unayopewa na daktari. Hapa itabidi nirudi kidogo ndani ya sikio, kwa sababu watu wa karibu hawawezi kusaidia kama hawajui ni nini hasa kimepotea. Wengi hudhani asiyesikia vizuri anaishi kama mwenye redio iliyopunguzwa sauti. Basi apaziwe sauti, mambo yaishe. Ndani ya koklea, mrija mdogo uliojizungusha mara mbili na nusu, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kila upande. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Zilizo karibu na mlango wa mrija hushughulikia sauti nyembamba, na ndizo hutangulia kufa: kwa uzee, kwa kelele za nyundo na mashine za kusaga, kwa muziki wa masikioni, kwa dawa kama streptomycin na gentamicin. Zilizo ndani zaidi, za sauti nene, hudumu. Kwa hiyo mtu anaendelea kusikia ngoma, injini ya lori na irabu za maneno. Kinachotoweka ni s, sh, f, th, ch, t, k na h, yaani zile konsonanti zinazotenganisha neno na neno. Ndiyo maana kauli yake huwa ile ile, kutoka Lamu hadi Kigoma: "Nakusikia, ila sikuelewi."

Lugha yetu inatusaidia na kututesa kwa wakati mmoja. Inasaidia kwa sababu irabu zake ni tano tu, na zote zinaonekana: a hufungua mdomo, i huutandaza, u huukusanya. Tena upatanisho wa kisarufi hurudiarudia. Mtu akisema vitabu vyangu vile viwili vimepotea, amekupa dalili ile ile mara tano. Likikupita neno moja, mengine yanakuonyesha lilikuwa la kundi gani. Walimu wa sarufi wanaowatesa watoto kwa ngeli hawajui ni zawadi gani wanawaandalia kwa uzee wao.

Inatutesa kwa sababu mambo mazito imeyaweka kwenye herufi nyepesi. Atakuja na hatakuja zinatofautiana kwa h, pumzi tu, isiyoonekana mdomoni wala kukamatwa na sikio lililochoka. Nimeona maandalizi ya harusi yakiyumba kwa sababu ya hiyo h. Saa sita na saa tisa zina irabu zile zile, na konsonanti zake ni zile zile zilizobadilishana nafasi. Ukikosea, umekaa juani saa tatu ukimsubiri mtu. Na kwa anayesoma midomo, baba, mama na papa ni neno moja, kwa kuwa b, m na p zote hufunga midomo kwa namna moja. Mtoto akiingia mbio kusema fulani ameanguka, babu anajua kuna aliyeanguka; hajui ni baba wa mtoto au mama yake.

Kupaza sauti, basi, hakuleti kilichopotea. Irabu zitapaa, lakini jaribu mwenyewe kuipigia kelele herufi s. Isitoshe, mdomo unaopiga kelele hupinda usisomeke, na sikio lenye seli zilizokufa lina tabia ya ajabu: sauti ndogo hailifikii, na sauti kubwa hulichoma upesi kuliko sikio zima. Ndipo bibi anaposema "ongea kwa nguvu," ukiongeza anafoka, "Usinipigie makelele!" Wajukuu wanamwona mkorofi. Bibi amesema kweli mara zote mbili.

Kinachokosekana, mtu wa hali hii hukijaza kwa kubuni. Ubongo unachukua irabu, midomo, mkono unaoelekeza, mada iliyokuwa ikizungumzwa, unaunga haraka kabla sentensi inayofuata haijafika. Ni kazi ya kuchosha. Ikifika jioni mtu hana nguvu hata ya kubuni, anakaa pembeni na redio yake isiyowashwa na watu wanasema amenuna. Na ubora wa kubuni kwake unategemea anayesema amempa nini: amempa uso au kisogo, mwanga au kivuli, mada au vipande vya maneno. Nusu ya kusikia iko kwa anayesema. Mtu aliyeliona hili hadharani kuliko wengi alikuwa mbunge wa Uingereza.

Jack Ashley alizaliwa Widnes mwaka 1922, akaacha shule akiwa na miaka 14 kwenda kufanya kazi kiwandani, akapanda kupitia chama cha wafanyakazi hadi chuo kikuu cha Cambridge, kisha akawa mtayarishaji wa vipindi BBC. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mbunge wa Stoke-on-Trent South. Riziki yake ilikuwa kusema na kujibu. Desemba 1967 alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuziba tundu kwenye ngoma ya sikio. Mambo yakaharibika, akaamka katika ukimya usio na ukimya, maana mlio wa masikioni haukumwacha. Alikuwa na miaka 45 na hakusikia kitu.

Aliamua kujiuzulu. Nani angempinga? Bunge ni mahali pa kukatizana na kudakizana maneno, mahali pabaya kuliko hata kijiwe cha kahawa. Viongozi wa chama chake cha siasa, wenzake na watu wa jimboni wakamshawishi asiondoke, na mwaka 1968 akarudi kwenye kiti chake. Alijifunza kusoma midomo, huku mkewe Pauline akiwa naye katika kila hatua. Lakini midomo haisomeki kwa kisogo: mbunge yeyote aliyetaka Ashley amwelewe ilibidi amgeukie. Na asiyeisikia sauti yake hawezi kuipima. Lazima awepo mtu wa kumwashiria apandishe au ashushe. Miaka kadhaa baadaye akafungiwa mtambo uliogeuza maneno ya wasemaji kuwa maandishi kwenye kioo mbele yake, yaani kulikuwa na mtu wa kuuendesha, aliyelipwa ili Ashley aweze kusikiliza.

Katika hali hiyo ndipo alipofanya kazi zake kubwa. Aliwapigania bungeni watoto waliozaliwa na ulemavu kwa sababu ya dawa ya thalidomide, na wanawake waliopigwa na waume zao, wakati jambo hilo lilikuwa bado linaitwa la chumbani. Mwaka 1985 yeye na Pauline walianzisha mfuko wa utafiti wa usikivu. Alikaa bungeni hadi 1992, akaenda katika Baraza la Malodi, mwaka 1993 akapandikizwa kifaa cha usikivu na kurudishiwa sauti kiasi, akafariki mwaka 2012.

Watu wanapoisimulia hadithi hii husifu ujasiri wake, na ninakubali alikuwa nao. Mimi huwafikiria zaidi wale waliomwambia asijiuzulu. Maneno ya kumfariji yangetosha: pole sana, umefanya makubwa, sasa pumzika. Ndiyo tunayowaambia watu wetu, na tunayasema kwa upendo. "Mzee, wewe kaa tu, tutakuwakilisha." Mwenyekiti wa mtaa aliyeanza kusikia vibaya hapigiwi kura ya kuondolewa, anapumzishwa kwa heshima, na heshima hiyo inamzika mapema.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, kuna hadithi isiyofanana kabisa. Howard Stone, aliyeitwa Rocky, alipoteza usikivu akiwa na miaka 19, jeshini, kwa mlipuko. Baada ya hapo akaenda kufanya kazi ambayo ungeapa haifai kwa mtu wa aina yake: ujasusi. Alikuwa CIA kwa robo karne. Agosti 1957 serikali ya Siria ilimfukuza Dameski ikimtuhumu kupanga mapinduzi. Sitaki kumsifia kazi hiyo, na msomaji wa Dameski angeniuliza nina kichaa gani. Ninamtaja kwa alichokifanya baada ya kustaafu. Mwaka 1979, huko Bethesda, Maryland, alianzisha Self Help for Hard of Hearing People, kwa kifupi SHHH, ile sauti ya kumnyamazisha mtu, ambayo kwa bahati ni ile ile kwetu.

Hoja ya Stone ilikuwa kwamba katikati ya viziwi wenye lugha yao na watu wenye masikio mazima kuna umati usio na jina wala mahali pa kukutana. Hawajui Lugha ya Alama, hawasikii mkutano, kila mmoja amejificha nyumbani kwake akidhani yuko peke yake. Alitaka wakutane, wafundishane, na wakome kungojea daktari awafanyie kila kitu. Chama hicho leo kinaitwa Hearing Loss Association of America. Mwaka 1987 Chicago kikaanzishwa kingine, cha waliogeuka viziwi ukubwani, chenye msimamo ninaoupenda: chombo chochote kinachofaa kitumike, kiwe kalamu, mikono, midomo au mashine, na asiwepo wa kumwona mwenzake ameanguka kwa kutumia kingine.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5, mmoja kati ya kila watano, wana upungufu fulani wa usikivu, na wapatao milioni 430 wanahitaji huduma. Ukiitumia hesabu hiyo kwenye daladala iliyojaa, unapata watu wa kutosha kufanya kikao mle mle ndani, iwapo wangejuana.

Nyumbani ndiko somo linakoanza, na nyumbani ndiko linakokuwa gumu. Kuna maneno mawili yanayouma kuliko yote. Watu wamecheka mezani, umeuliza kulikoni, mtu anapunga mkono: "Aa, basi tu." Hana nia mbaya. Utani umeshapita, na kuurudia ni kazi. Lakini ukiyapata hayo "basi tu" mara kumi kwa siku, mwezi mzima, unaacha kuuliza, na ukiacha kuuliza umeshaondoka kwenye ile meza ingawa sahani yako bado ipo. Mke wangu alikuja na dawa yake bila kushauriwa na mtu: kabla ya hadithi hutaja mada. "Habari ya Shangazi na yule ng'ombe." Kisha ndiyo hadithi. Ukishajua ni shangazi na ng'ombe, ubongo una pa kuanzia, na hata h zilizopotea unazirudisha mwenyewe.

Mwenza ana hatari yake pia. Akishakuwa sikio lako, watu wanaacha kukutazama. Muuguzi anamwuliza binti, "Mzee anaumwa wapi?" nawe umekaa hapo hapo ukiwa na mdomo wako mzima. Binti mwenye busara hamjibu. Anamgeukia baba na kurudia swali. Ni jambo dogo, ila lisipofanywa mara ya kwanza, mara ya kumi haliwezekani tena. Mwenza naye huchoka. Nyumba nyingi nilizozijua zina mke anayepiga simu zote, anayepokea wageni wote, anayetafsiri taarifa ya habari, na ambaye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote naye anaendeleaje.

Mengine hayana gharama. Usianze kusema ukiwa chumba kingine. Njoo mbele, gusa bega, subiri nikutazame. Usikae dirishani mchana, kwa kuwa mwanga ukiwa mgongoni mwako uso wako kwangu ni kivuli. Toa mkono mdomoni, na toa mswaki, maana kuna ndugu zetu wanaotoa maagizo muhimu ya siku wakiwa wanapiga mswaki. Sentensi ikishindikana mara mbili, usiirudie mara ya tatu ilivyo, ibadilishe. Badala ya "saa tisa" sema "baada ya chakula cha mchana, kabla ya alasiri." Umeme ukikatika, jua kwamba kwangu mazungumzo nayo yamekatika, kwa hiyo taa ya betri ikae karibu na nyuso za watu, siyo karibu na sufuria.

Nje ya nyumba unategemea wageni, na hapa ndipo lazima mtu atoke kichakani. Katika benchi la kliniki, majina yanaitwa kutoka mlangoni na mtu aliyekwisha kugeuka. Ukikaa kimya utaitwa mara mbili na kupelekwa mwisho wa foleni. Mwambie wa kando: "Ndugu yangu, mimi sisikii vizuri. Wakiita jina hili, niguse." Na uandike jina kwenye kikaratasi ukimpa. Sijaona aliyekataa. Watu hupenda kupewa kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho. Wanachokiogopa ni kubebeshwa mtu mzima asiyejulikana anataka nini. Msikitini fika mapema ukae safu za mbele, umwone khatibu uso. Kanisani vivyo hivyo, na usikubali kiti cha heshima kilicho kando ya mimbari, maana ni kiti cha kutazama sikio la mchungaji. Zilipokuja barakoa mwaka 2020, tulipoteza midomo ya watu wote kwa siku moja, na wengi wetu hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunasoma midomo kwa miaka mingi bila kujua.

Simu ya maneno ni adui, ila simu ya maandishi imetukomboa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mtu asiyesikia alipata shughuli ya fedha inayojieleza yenyewe kwa maandishi: kiasi, jina, saa. Mwaka 2017 Google iliingiza Kiswahili katika programu yake ya kugeuza sauti kuwa maandishi, na sasa wapo wanaoweka simu janja katikati ya meza isome wanachosema wenzao. Inakosea sana. Majina ya watu inayavuruga kabisa. Lakini inakupa mada, na nimekwisha kusema mada ina thamani gani.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi, kwa kuwa sura ya sita yote ni yao. Kwanza mwone daktari wa masikio, pua na koo, maana wapo waliohuzunika mwaka mzima kumbe ni nta imeziba. Na nta haitolewi kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Usikivu ukipotea ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo ni dharura: nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa husaidia ikiwahiwa. Shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, halirudishi sikio la ujana. Linakuza neno na feni na vijiko kwa pamoja, na ubongo unahitaji wiki kadhaa za kuzoea. Vifaa vingi huishia kwenye droo kabla ya wiki hizo kwisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenye nacho, wala familia yake, kwamba mwanzo huwa mbaya. Huku pwani jasho na unyevu wa bahari huviharibu. Vilale kwenye kopo linalofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwa waliopoteza kabisa, Muhimbili ilianza upandikizaji wa vifaa vya usikivu mwaka 2017. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India.

Bei ndiyo kikwazo, na hapa nina neno na sisi wenyewe. Sisi ni watu wa michango. Kadi ya harusi inakufikia kabla hujamjua bwana harusi. Msiba ukitokea, kamati inaundwa papo hapo, ina mwenyekiti na mweka hazina. Kwa mtu mzima aliyepoteza masikio akiwa hai, akiwa na miaka ishirini mbele yake, sijawahi kupokea kadi. Nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe hajasema, na mchango wetu humfuata aliyelia. Akina mama wa kikoba kimoja ninaokifahamu walimkopesha mwenzao fedha za shimesikio kwa sababu ya biashara tu: alikuwa anakosea hesabu za mkutano na wao ndio walioingia hasara. Sababu hiyo inanitosha kabisa.

Kuna watu wengine ambao tulipaswa kuwaendea mapema, nao ni viziwi. Sisi tuliopoteza masikio ukubwani huwakwepa, kwa hofu ya kuhesabiwa pamoja nao. Wao wamekwisha kupita njia ambayo sisi ndiyo kwanza tunaishika. Shule ya viziwi Tabora ilianza mwaka 1963. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo tangu 1984. Kenya iliandika katika Katiba ya 2010 kwamba Lugha ya Alama ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda ilimpeleka Alex Ndeezi bungeni mwaka 1996, kiziwi mwenye mkalimani wake. Sitadai kwamba mtu wa miaka 60 atajifunza Lugha ya Alama akaimudu. Ni lugha kamili, na lugha kamili haijifunzwi kwa wikendi. Lakini kaa nao jioni moja uone wanavyoishi. Wanakaa duara, kila uso unaonekana. Anayeitwa anapungiwa mkono au meza inagongwa, mtetemo umfikie. Taa haizimwi hovyo. Hakuna anayesema akiwa ameinamia sahani. Karibu yote niliyoyaorodhesha hapo juu kama mahitaji ya ajabu ya mzee mmoja, kwao ni adabu ya kawaida tu.

Sisi wachache wenye masikio mazito nasi tulianza kukutana Jumamosi, mchana, katika chumba cha shule kilichoazimwa, watu wasiozidi dazeni. Kanuni ya kwanza ilijitunga yenyewe: anayesema anyooshe mkono kwanza, tumtafute kwa macho, ndipo aanze. Mkutano unakwenda polepole, na kwa mara ya kwanza kwa wengi wetu unaeleweka wote. Mafunzo mengi hutoka kwa wasiotarajiwa. Mama mmoja muuza vitenge Kariakoo alitufundisha biashara bila masikio: kikokotoo kipo mezani, mteja akitaja bei anasukumiwa aandike mwenyewe. Amegundua kwamba watu hupunguza bei sana kwa mdomo, ila kwa kidole wanaona haya kushuka, na sasa amewauzia siri hiyo majirani zake wenye masikio mazima. Fundi wa mabati, aliyepigana na nyundo maisha yake yote, huwaletea vijana wa karakana yake vizibo vya masikio na kuwakagua asubuhi kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Anayekuja mara ya kwanza huuliza bei ya betri. Mara ya pili ndiyo huuliza la nyumbani: amwambieje mkwewe.

Ugomvi wetu mkubwa ni feni. Wenye shimesikio wanataka izimwe, kwa sababu inavuma moja kwa moja kichwani mwao na kumeza maneno. Wasio nalo wanataka iwake, kwa kuwa hawaisikii na joto la Dar es Salaam la Februari wanalisikia sana. Tumejaribu kuiwasha kwa zamu, tumejaribu kuhamia chini ya mwembe ambako bodaboda zikatushinda, na tumepiga kura mara mbili. Kura zote mbili zilipingwa na watu waliosema hawakusikia swali.